Sauti ya Solange

Siku ya ine, mangaribi

Leo kazi ilikuwa inaenda muzuri. Patron anataka ajue centre d'appels mupya, nyumba ya kuitikia ba client ku simu, italomba ba ligne ya simu ngapi: bantu ngapi bataita mara moya, mwenye kusema Swahili aende kwa nani, mwenye Français kwa nani.

Nikaita numéro ya zamani ya kampuni, ya kupima tu. Akaitika Solange, muke wangu, mwenye tulizika Kambove: "Ngoya kidogo, tutakujibu." Sauti yake, yenye balirekodi mbele afe, ingali mu machine ya kuitika simu.

Nikangoya. Sikukata.

Kisha patron akaangalia rapport ya ba simu: "Ona, client moya alingoya saa nzima! Ongeza ligne."

Nimeongeza. Sikumuambia ile client ni mimi. Kesho banafuta ile sauti juu ya centre mupya, na ule client hataita tena.