Jiwe Nililolitia Motoni Likiwa Bichi

Ikombe,
Kando ya Ziwa Nyasa,
20 Juni 1909.

Mpendwa mdogo wangu Eliya,

Ugonile, mdogo wangu? Umeamkaje huko Dar es Salaam, na lile joto tunalolisikia? Kikohozi alichotusimulia Hezroni alipofika kutoka huko kwako kimepona? Kama bado, tafuna tangawizi, wala usilale mlango wazi. Nakujua wewe, hupendi kufunga mlango.

Sisi huku tu wazima kwa neema ya Kyala Mungu wetu. Mama yetu Rut anatembea, ila goti humsumbua asubuhi, na bado anawagombeza mbuzi kama wajukuu. Mume wangu Yotamu ameziba ufa wa mtumbwi wake. Majuzi alivipeleka vyungu vyangu Mwaya bila hata kimoja kuvunjika, akarudi na mahindi tele na maharage kidogo. Mvua za masika zilizidi mwaka huu, Mto Mbaka ukamwagika mashambani, lakini migomba imesimama.

Unaona ninavyozunguka. Unanijua, Eliya, mdomo wangu hutangulia, mimi nafuata nyuma. Leo mdomo umegoma na kalamu naisukuma kwa nguvu. Nina aibu, mdogo wangu. Nina aibu hata kuliandika jina lako hapo juu.

Jiwe lako lilifika. Hezroni alilitoa kifuani pake, limeviringishwa kitambaani, akatueleza yote uliyomwagiza. Kwamba linaitwa opali. Kwamba ndilo ujira wako wa muda wote uliomtumikia yule fundi wa vito kutoka Silani, ng'ambo ya bahari. Kwamba tumwoneshe Lazaro wa Mwaya, baba yake Elizabeth, ajue mchumba wa binti yake hajapotelea pwani, na kwamba likiuzwa kwa Wazungu, ng'ombe wa mahari watapatikana.

Nilipolishika nilisema, "Kyala!" Lilikuwa jeupe kama maziwa, lakini ukiligeuza, ndani mnakimbia nyekundu, mara kijani, mara buluu. Mama alilichukua akacheka kama msichana. Tulilitazama mpaka uji ukaungua jikoni.

Kisha nikaogopa wezi. Nikawaza, nani atatafuta mali ndani ya mtungi wa maji ya kunywa? Nikalitumbukiza humo, nikafunika, nikajiona mwerevu kuliko Ikombe nzima. Siku zote tulizomngoja Lazaro tulikuwa tunachota maji juu yake.

Alikuja siku niliyokuwa nachoma vyungu. Alikuja na mshenga na kaka yake, amevaa shati la kanisani. Nikaingiza mkono mtungini kwa mbwembwe, nikalitoa. Eliya, halikuwa na rangi hata moja! Lilikuwa kama kipande cha chupa, vidole vyangu naviona upande wa pili. Lazaro akaligeuza, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ndilo hili?"

Ningesema, "Sijui, mzee, ngoja tumwulize mwenyewe." Maneno hayo yangenipunguzia nini? Lakini mimi nikakumbuka zile kaniki za dukani, ukizifua mara moja rangi yote inabaki majini. Nikaona hili nalo limepakwa rangi, rangi imetoka, na sisi tumefanywa wajinga mbele ya wakwe. Damu ikanichemka. Nikasema, wageni wanasikia na mama yetu anasikia, "Mdogo wangu amedanganywa, au ametudanganya." Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Sitaki uyasikie kwa mtu mwingine yakiwa yamepunguzwa makali.

Mshenga akasema tuliweke kwanza, tungoje. Mimi wa kungoja? Nikaligonga kwa kokoto yangu ya kung'arishia vyungu nisikie mlio wake, kama tunavyogonga chungu kujua kama kina ufa. Kikaruka kipande kama punje ya hindi. Mlio haukunipendeza. Nikasema kwa sauti, "Kwetu sisi, kitu cha kweli hakiogopi moto." Nikalitupa katikati ya makaa.

Lililia "tii!" mara moja tu. Tulipolifukua tulikuta vipande vyeupe vikavu, vinavunjika mkononi kama ganda la yai. Lazaro akavaa kofia yake, akashukuru, "Ndaga," kwa maji ya kunywa. Kwa maji, Eliya, basi! Kesho yake mshenga akarudi na neno kwamba uchumba umevunjika.

Nami sikuona kwamba nimekosa. Nilikaa siku kadhaa nakusema vibaya kwa kila aliyekuja kununua chungu. Nilisema pwani imekuharibu. Hata Yotamu aliponiambia, "Mke wangu, punguza," nilimjibu kwamba yeye ajali mtumbwi wake.

Jumapili, tulipotoka kanisani, Mama akafungua pindo la nguo yake atoe tumbaku. Nikamwona ameduwaa. Siku ile ya moto alikuwa amekiokota kile kipande kilichoruka, akakifunga pindoni, mimi sina habari. Akaninyooshea kiganja. Rangi zote zilikuwamo mle, mdogo wangu, nyekundu, kijani, buluu, zinacheza.

Nikakimbia nacho ndani nikakitia kwenye bakuli la maji. Rangi zikafifia, zikaisha, kikawa chupa tena. Nikakianika, jua likakinyonya polepole, na rangi zikarudi. Kumbe jiwe lako linakunywa maji kama udongo! Halikuwa limepakwa kitu. Mimi ndiye niliyelinywesha mtungini.

Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Angetile, ulilitia motoni likiwa bichi."

Unalikumbuka neno hilo. Sisi wasichana wa Kikisi tunaambiwa hivyo tangu tunafinyanga vyungu vya kuchezea. Chungu chenye maji mwilini moto hukipasua, hata udongo wake uwe mzuri namna gani. Kwanza kivuli, halafu jua, ndipo moto. Nimewafinya watoto wa watu masikio kwa kosa hilo hilo. Ningekosa kwa kutojua vito, ningesema mimi mfinyanzi, vito nitavijulia wapi? Lakini nimekosa katika kazi yangu mwenyewe, na hapo sina pa kuuweka uso.

Yotamu akanipeleka Mwaya, na njia nzima hakunikumbusha kwamba aliniambia. Nikamwomba Lazaro bakuli la maji, nikakitia kile kipande mbele yake, kikafa. Kisha nikakiweka juu ya jani la mgomba juani, tukakaa kungoja. Ee, kungoja kule! Rangi zilipoanza kurudi, wazee wakainama wote kutazama, na Lazaro akakiinua kwa vidole viwili. Nikadhani yamekwisha.

Akasema, "Jiwe nimeliamini. Lakini sikiliza, mwanangu. Chungu chako tunakijua thamani yake, ni mahindi yanayokijaza. Hili halijazwi kitu. Thamani yake kwetu ilikuwa neno la aliyelituma. Na neno la Eliya hakulivunja mtu wa Mwaya, amelivunja dada yake. Sasa nimpeleke binti yangu kwenye nyumba ambako ndugu huchomana kabla ya kuulizana?"

Mwisho Lazaro akasema uje wewe mwenyewe. Akikuona umekaa na mimi, tumekula chungu kimoja kwa amani, mazungumzo yataanza upya, na ng'ombe mtajua wenyewe mtakavyowatafuta. Tusipopatana, Elizabeth hatakuja Ikombe.

Tulipokuwa tunaondoka, Elizabeth akatufuata na mkungu wa ndizi. Akapiga goti, akanipa kwa mikono miwili, akasema, "Wifi, mfike salama." Wifi! Baada ya yote niliyoyafanya, bado ananiita wifi. Nilitamani ardhi inimeze na ndizi zangu. Kile kipande nimemwachia yeye. Baba yake aliona, akageuka kama hakuona.

Nimekwenda pia kwa watu wote niliokusema vibaya kwao, mlango kwa mlango, nikasema jiwe la Eliya lilikuwa la kweli na mimi ndiye niliyeliharibu. Wengine walinihurumia. Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu, nikawaacha wacheke.

Sasa tazama nilipokufikisha. Usiponisamehe, umemkosa Elizabeth. Ukinisamehe, sitajua kama umenisamehe mimi au umelipia mke. Nakuomba msamaha, na papo hapo nimekunyima nafasi ya kukataa. Hiyo ndiyo aibu inayonitafuna zaidi, kuliko hata jiwe.

Kwa hiyo sikuombi uniandikie upesi kwamba yamekwisha. Hasira yako ni haki yako. Kama moyo bado una maji, uanike kwanza, kivulini halafu juani, mpaka ukauke wenyewe. Ndipo uje. Na ukija ukakuta bado hujakauka, niambie pale pale mbele ya Lazaro. Nitakwambia ngoja, na nitangoja pamoja nawe. Chungu tutakachokula nimeshakifinyanga. Kiko kivulini nyuma ya nyumba, na sitakichoma mpaka nikuone unashuka mtumbwini.

Mama anakusalimu, anasema umletee tumbaku ya pwani, ya huku haina nguvu. Yotamu anakusalimu sana, na Hezroni, ambaye naye nilimtazama kwa jicho baya na nimemwomba radhi. Mwambie fundi wako kutoka Silani ukweli wote kuhusu jiwe alilokupa, na jina langu umtajie, usinifiche. Elizabeth hakunituma salamu, maana mbele ya baba yake hakuweza. Lakini alipokipokea kile kipande alikifunga pindoni upesi sana.

Kyala akulinde kazini, akuvushe mito yote mpaka nyumbani, akukute mzima na akulete mzima.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyejifunza kungoja,
Angetile