Baba Yako na Brokoli

Brielle,

Supu iko kwenye friji, mpashie baba yako mchana. Sahani ulizotumia kumfanyia majaribio asubuhi zioshe mwenyewe.

Nimeona ulichoandika kwenye daftari lako: eti baba yako anapenda brokoli kuliko donati. Hongera, mtaalamu. Kila ulipomwekea sahani mbili achague, brokoli ilikuwa kulia kwake. Bega lake la kushoto si ndilo lililopasuliwa mwezi jana? Kachukua alichokifikia. Unasomea kujua watoto wa watu wanapenda nini, na hata kubadilisha pande hukukumbuka. Kesho kwenye mtihani watakuuliza hilohilo.

~~Donati zilizobaki kula wewe.~~

Donati ni za baba yako. Ziweke kulia, uone kama brokoli itaguswa.

Mama yako