Usimtoe Ng'ombe Dirma kwa Ajili ya Friji

Mtwara,
Jumatatu asubuhi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Na lile goti, bado linakusumbua ukipanda shambani? Mimi mwanao nipo mzima, nakula, nafanya kazi, ila joto la huku halijanihurumia hata siku moja kwa miaka sita hii. Naandika huku jasho linadondokea karatasi. Ukiona wino umesambaa usidhani nalia.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia wakati tuliongea juzi. Hatukuongea, Baba. Nilisema maneno matatu ukanikatia. Simu unaweza kuikata, barua itabidi uimalize. Tena naomba uisome kwa sauti, kaka Danieli akiwa amekaa hapo hapo kwenye makochi yake mapya.

Kazi inakwenda. Wiki iliyopita mwenye mgahawa mmoja alikuwa ameshatenga friza lake likauzwe kama chuma chakavu. Nilipofika na begi la vifaa akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Nikamjibu, "Ndiye huyu unayemwona." Nikafungua nyuma, nikakuta mfuko wa plastiki umejisokota kwenye feni. Basi! Nikautoa, nikasafisha, friza likaunguruma. Yule bwana akaniletea soda. Sisemi haya kujisifu. Haya, najisifu kidogo. Lakini nataka ukumbuke kwamba anayekuandikia ni yule msichana uliyempeleka chuo cha ufundi huku watu wakikucheka.

Sasa friji yetu. Iliposhindwa kugandisha samaki wa biashara wa wifi Elizabeti, nilikuagiza usafishe mpira wa mlango, nawe ukausugua kwa mswaki. Nikasema futa vumbi nyuma, ukafuta. Wapi! Danieli akaipeleka kwa fundi wa mjini Katesh, ikakaa siku mbili kibandani kwake ikigandisha vizuri kabisa. Iliporudi nyumbani samaki wakayeyuka tena, wifi akawamwagia mbwa karai zima. Ndipo fundi akasema mashine imechoka, na Danieli akaamua Jumamosi hii yule ng'ombe wetu aliyeko kwa rafiki yako Mzee Bura atolewe, apelekwe mnadani, mnunue friji mpya.

Baba, hilo limeniuma. Ng'ombe yule ulimswaga mwenyewe mpaka kijijini Dirma, mwaka ule zizi la Mzee Bura lilipobaki tupu, ukamwachia amtunze na kumkamua. Watoto wake wamekulia maziwa yale. Ndama mmekuwa mkigawana bila kugombana. Na siku tuliyomzika Mama, Mzee Bura alifika na jembe begani kabla ya ndugu zako wa damu. Leo ukafungue kamba uondoke na ng'ombe, utamwambia nini? Kwamba samaki wameyeyuka?

Sasa sikiliza. Juzi, kabla hujanikatia, ulilalamika hivi: "Mimi nimevaa makoti mawili humu ndani, hata mafuta ya kula yameganda huko stoo, karibu na hilo friji lenu." Nikampigia wifi papo hapo. Stoo? Friji si ilikuwa sebuleni? Kumbe makochi yalipoingia, friji ikatolewa, ikapelekwa stoo upande wa mlima, mwezi wa saba!

Friji ile ina milango miwili, lakini swichi ya kupima baridi, ile tunayoiita thamostati, ni moja tu, nayo iko chini. Ikiona chini kumepoa vya kutosha, inazima mashine. Stoo yenu yenyewe imeshapoa kama friji, kwa hiyo swichi inaona kazi imekwisha, mashine inapumzika, na huku juu, kwenye sehemu ya kugandishia, samaki wanayeyuka. Kwa fundi iligandisha kwa sababu kibanda chake kimepakana na jiko la mama muuza chapati. Friji haina ugonjwa wowote.

Aibu ni yangu. Nimetengeneza friji za nchi ya joto mpaka nikasahau baridi ya kwetu. Likizo zangu zote nachukua Desemba, na tangu niondoke sijakanyaga kwetu Gitting mwezi wa saba. Mtu wa Gitting anasahau baridi, jamani! Hapo nililia, Baba. Ile habari ya jasho kwenye karatasi ilikuwa uongo.

Fanyeni hivi. Chomoeni waya, mbebe friji ikiwa imesimama, msiilaze. Irudi sebuleni. Kochi moja liende stoo, lenyewe haliyeyuki. Iacheni itulie masaa machache ndipo muiwashe, kisha weka kikombe cha maji kule juu. Kesho yake ukikuta bado ni maji, muuzeni ng'ombe, sitatia neno. Lakini hutayakuta maji. Kwenye kifurushi kilichokuja kwa basi pamoja na barua hii nimeweka mpira mpya wa mlango, maana ule wa zamani umeusugua sana.

Mwakani nitaomba likizo mwezi wa saba. Sweta langu la kijani msimpe mtu.

Nisalimie wifi Elizabeti, mwambie samaki wake nawaonea huruma kuliko anavyodhani. Shangazi Maria, kiongozi wetu wa kwaya, mpe shikamoo yangu. Danieli simsalimii, si yuko hapo anasikia? Haya, mambo, kaka.

Na Jumamosi, Baba, nenda Dirma kama ulivyopanga. Mpelekee mke wa Mzee Bura samaki mmoja aliyeganda mpaka ukimgonga analia kama kuni, ukae, unywe maziwa, uongee na rafiki yako. Kamba iache nyumbani.

Mwanao, fundi wako,
Paskalina