Vikombe Vinavyosema Chai Imepoa

Chumba Na. 4,
Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Kiwanda cha Vikombe.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani? Miguu inaendeleaje, na ile ganzi ya vidole imepungua au bado inakusumbua? Na sukari, unapima kila asubuhi kama daktari alivyosema, au unapima siku ukiwa na wageni tu? Sisi huku hatujambo. Baba kikohozi kimemwachia, sasa amebaki na kazi ya kulalamikia chumvi. Mimi ni mzima, ila kiganja cha kulia nimekifunga bendeji, ndiyo maana mwandiko huu unatambaa kama siafu aliyelewa. Usishtuke, nitakueleza.

Shangazi, kabla hujasoma mstari mwingine, inuka ukavitoe kabatini vile vikombe viwili nilivyokutumia mwezi wa nne. Usivinywee tena. Nimekupigia simu siku nane mfululizo, hupatikani, na namba ya jirani yako sina. Barua hii nimemkabidhi dereva wa lori la vigae, ndiye wa kwanza niliyempata anayepita kwenu. Nimemwomba asiondoke mlangoni mpaka ameiona midomo yako kuwa ni mizima, kisha anipigie. Ukimwona mwanamume anakukodolea macho mdomoni, usimfukuze. Si mwendawazimu, nimemtuma mimi.

Unakumbuka nilivyojisifu kwako. Vikombe vya kwanza kabisa kutoka idara yetu, vyenye mkanda wa rangi: chai ikiwa ya kuunguza, mkanda unakuwa mwekundu, ikipoa kiasi cha kunyweka, unageuka buluu. Kwa mtu ambaye vidole havimwambii ukweli, niliona nimekupatia msaidizi.

Basi mwezi uliopita meneja wa mauzo aliniita ofisini. Sisi humwita Bwana Tabasamu, maana hucheka hata akisoma tangazo la msiba. Akaniambia niache kazi ya kubandika maua kwenye vikombe kwa wiki tatu, nizunguke mitaani na vikombe thelathini vya majaribio, niulize watu kama wangevinunua. Alinichagua kwa sababu mdomo wangu hauna kufuli. Watu wakivitaka, italetwa mashine mpya, na idara yetu ya rangi itaendelea. Wasipovitaka, idara inafungwa. Tuko wanawake kumi na mmoja, Shangazi. Asubuhi ile nilipotoka na kikapu, wote waliacha kazi wakanisindikiza kwa macho mpaka getini.

Nilianza na gereji iliyo mkabala na kiwanda. Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Mkubwa wao akasema, "Leo kikombe kinanifundisha kunywa chai, kesho sahani itanifundisha kutafuna!" Mwalimu mmoja alikisifu mno, akina dada wa benki wakasema kinapendeza kwa wageni. Jioni daftari langu lilikuwa limejaa "ndiyo". Lakini nilipolisoma tena, moyo ulisita. Watu wengi walisema ndiyo kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni kwao natokwa jasho. Ndiyo ya adabu haifungui mkoba.

Kesho yake nikabadilisha swali. Sikuuliza tena "Unakipenda?" Nilisema, "Nikuachie hiki, wewe unipe kile unachonywea kila siku." Hapo ndipo nilipowajua watu. Mwalimu yule aliyekisifu alikikumbatia kikombe chake cha bati kama nataka kumnyang'anya mtoto. Nyumba hadi nyumba, ofisi hadi ofisi, waliokubali kubadilishana walikuwa tisa tu. Mmoja wao, niamini, ni yule fundi mkubwa wa gereji.

Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipoingia hospitali, wodi ya waliopooza. Muuguzi mkuu wa pale ni mama mwembamba asiye na neno la ziada. Alikimiminia kikombe maji ya moto, akakitazama kinavyogeuka, akavihesabu vikombe vilivyobaki kikapuni, akachukua vinane bila kuniomba. "Mlikuwa wapi siku zote?" akaniuliza. Wagonjwa wake wengi upande mmoja wa mwili hausikii kitu. Wanaungua midomo bila kujua. Nilitoka pale natembea kama niliyepanda cheo. Nikajiambia, wateja wetu ndio hawa.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, nikarudi kuchukua maoni yao. Muuguzi hakunikaribisha kiti. Alinishika mkono akanipeleka hadi kitanda cha mwisho dirishani. Alikuwepo mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, mkono wa kushoto haufanyi kazi. Mdomo wa chini umevimba, na kifuani amebandikwa pamba nyeupe kuanzia kwenye mtulinga mpaka mbavuni. Alikunywa akaungua, akashtuka, chai yote ikamwagika juu yake. Mkanda ulikuwa buluu.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema polepole, mdomo ukimwuma, "Kikombe chako kilinipa ruhusa, mwanangu."

Nilimuuliza muuguzi wanavioshaje. Akasema kama vyombo vyote vya wodi, vinachemshwa kila baada ya mlo, mara tatu kwa siku. Nikarudi nyumbani na kikombe changu kipya, nikaweka sufuria jikoni, nikaanza kukichemsha, kukitoa, kukijaribu, kukirudisha. Ijumaa baada ya kazi, Jumamosi kutwa nzima. Baba akauliza kama ninapika supu ya vikombe. Mara ya ishirini rangi ilikuwa imefifia. Mara ya thelathini na mbili nilimimina maji yanayotokota, na mkanda ukakaa buluu, mtulivu kabisa, kana kwamba nimemimina maji ya mtungini. Nilikukumbuka wewe, Shangazi, usivyoweza kukirudisha chombo kabatini bila kukipitisha kwenye maji ya moto. Simu ya kwanza nilikupigia pale pale jikoni.

Jumatatu nilimpa Bwana Tabasamu ripoti ya kurasa mbili. Wa kwanza ulikuwa wa wateja, wa pili wa mzee na sufuria. Aliuchomoa wa pili, akaukunja, akautia mfukoni. "Uliulizwa kama watu wanavitaka. Wanavitaka? Basi umemaliza. Rangi ni kazi ya mafundi." Nikaenda kwa Mama Pacha, mkubwa wetu wa idara, nikidhani ataniunga mkono. Aliendelea kuosha brashi zake. Kisha akasema bila kuniangalia, "Tuko kumi na mmoja, Kijiti. Fikiria kabla hujafungua mdomo."



Jumatano idara nzima tuliitwa, pamoja na Bwana Tabasamu, mbele ya mwenye kiwanda. Ni mama wa makamo, sauti yake ni ya chini hata mtu hulazimika kuinama ili amsikie. Kikombe nilichokichemsha nilikuwa nacho kikapuni, nimekichukua makusudi ili nikionyeshe. Lakini nisikufiche, Shangazi, ukurasa wa kwanza uliposomwa na wa pili usisomwe, nilinyamaza. Mimi ambaye mdomo wangu hauna kufuli. Niliziona sura za wenzangu kumi, nikamezwa na kiti.

Bwana Tabasamu akataka kuonyesha maajabu ya kikombe. Akaingiza mkono kikapuni mwangu, akatoa cha kwanza alichokigusa, akamimina chai kutoka kwenye chupa mpaka ukingoni, akakisogeza mbele ya mama huku akiendelea kusifu. Kilikuwa ni kile kile nilichokichemsha. Mama alikuwa anasoma takwimu zangu, akakitupia jicho mara moja, akaona buluu, akanyoosha mkono.

Sikupata muda wa kutafuta maneno. Niliruka nikaweka kiganja juu ya kikombe, mama akakiinua, tukavutana, chai ikanimwagikia mkononi. Maumivu yale sitayasahau. Kikombe kikapasukia sakafuni. Nikasikia mtu analia, kumbe ni mimi.

"Kinadanganya, mama," nikasema. "Kikichemshwa sana kinadanganya. Kimeshamuunguza mgonjwa."

Akaniuliza, "Umejua lini?" Nikasema Jumamosi. Akamgeukia Bwana Tabasamu, akamuuliza swali lile lile. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, yule bwana hakuwa na tabasamu. Akautoa ukurasa mfukoni, akauweka mezani.

Mama aliusoma mara mbili. Hakunisifu, na wala hakunipa pole. Alisema tu kwamba mtu aliyejua tangu Jumamosi hakutakiwa kusubiri mpaka mkono wake uungue ndipo aseme. Neno hilo lilinichoma kuliko chai, kwa sababu ni la kweli. Kisha akaagiza gari, akaniambia nipande, tukaenda hospitali yeye na mimi. Alikaa na yule mzee zaidi ya saa nzima, huku muuguzi akinifunga mkono.

Sasa mambo yako hivi. Vikombe vyote vya majaribio vinakusanywa, na mkusanyaji ni mimi. Nimesharudisha ishirini na saba. Fundi wa gereji amekataa katakata, anasema kikombe kimeshamzoea, ikabidi nimwitie mkubwa wake wa nyumbani, yaani mkewe. Mafundi wa rangi wamepewa miezi mitatu watafute rangi isiyokufa kwa kuchemshwa. Idara yetu haijafungwa, lakini tunafanya kazi nusu siku, na baada ya miezi mitatu hakuna anayejua. Wenzangu wengine wananisalimia. Mama Pacha bado. Nikiingia anatoka. Simlaumu, ana watoto wawili shuleni na mimi sina wa kwangu.

Jana nilikwenda tena kumwona mzee. Mdomo umeanza kupona. Nilimwambia kwamba tutajaribu upya, na kwamba nitaelewa asipotaka hata kusikia habari za vikombe. Akasema, "Kipya kikiwa tayari, mniletee mimi kwanza. Lakini safari hiyo utaanza kunywa wewe, na mimi nikikutazama." Nimekubali.

Nisalimie Mjomba fundi baiskeli na wifi yangu mwenye maneno. Wape watoto mkono, mmoja mmoja, wasigombane. Baba anakusalimu sana, anasema umwombee mpishi wake. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akupe usingizi mwema na akuzidishie umri.

Akupendaye siku zote, mtoto wa kaka yako,

Kijiti