Usimtaje wifi yake

Usinipigie, niko maabara na wenzangu wamenizunguka. Soma tu.

Nimetumiwa ujumbe na kampuni ya kutafutia watu kazi. Aliyeandika simjui. Umeandikwa vizuri mpaka nikavuta kiti: "Mtaalamu wa maabara makini kama wewe hastahili kujifungia stoo na kulia kwa sababu cheo chake amepewa mgeni."

Kujifungia stoo. Mwenzangu, hata wewe sikukwambia habari ya stoo.

Nikasema labda Mungu kanisikia. Nikashuka chini ya ujumbe kutafuta namba ya simu. Chini kabisa, baada ya salamu, wamesahau kufuta maelekezo waliyoipa akili bandia iwaandikie:

"Ongeza uchungu wa stoo ili alainike. Usimtaje wifi yake."

Usimtaje wifi yake.

Unajua nina wifi mmoja tu, na unajua kazi yake ni hiyo hiyo ya kutafutia watu kazi. Habari ya stoo nilimwambia yeye tu, jikoni kwake, akanifuta machozi kwa mkono unaonuka vitunguu. Wenzetu kikulacho ki nguoni, changu kilikuwa jikoni.

Nimetoka nje mara moja, nikampigia. Hata hakushtuka. "Kwani kuna uongo hapo, wifi? Si nakutafutia kazi nzuri?"

Nimekata.

Sasa hivi kanitumia ujumbe wa kuomba msamaha. Mrefu, mtamu, umepangika. Wifi huyu huyu ambaye ukimwandikia kurasa nzima anakujibu "poa".

Sijausoma. Nimeshuka moja kwa moja mpaka chini, kutafuta maelekezo.