Majibu ya Ibada Yenye Jina Lako

Chumba cha cherehani,
Nyumbani kwa Mama.
Jumatano, tarehe 11 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale wanangu wawili, kile kikohozi cha mdogo kimepoa? Sisi huku tunaendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Mama ni mzima, ila goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi, na macho ndiyo hayo hayo, siku hizi anatambua watu kwa sauti. Mimi nashona. Mwezi mzima nimeshona majoho ya kwaya, thelathini na mawili, kola zote nimezikunja kwa mkono mpaka vidole vimekufa ganzi.

Nimekusalimia kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa nikuambie yaliyo moyoni, maana nikiyameza tena yatanikaba.

Jumapili tuliweka wakfu kanisa jipya. Biblia iliingia kwanza, imebebwa na mzee wa kanisa kwa mikono miwili, mchungaji nyuma yake, halafu wageni wa sinodi, watu wote wamesimama, kimya mpaka unasikia viatu. Kwaya tukafuata, sauti ya kwanza hadi ya nne. Besi, yule fundi wa kuchomelea vyuma, bado anaimba kama anayeelekeza lori lirudi nyuma, lakini siku hiyo alijizuia. Na ibada nzima iliimbwa kwa majibu mapya, zile nyimbo fupi za kumwitikia mchungaji: baada ya sala ya toba, baada ya kila somo, mpaka zile Amina tatu za mwisho. Sinodi imeyapitisha na kuyachapisha, kitabu chenye jalada la bluu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa herufi nene, "Kimetungwa na", halafu jina lako.

Tukumbushane kidogo. Miaka mitatu iliyopita nilikueleza kwamba nimetunga majibu ya ibada yote, na baraza la wazee limesema kwaya ninayoifundisha isiyaimbe kwanza. Unaujua utaratibu wetu, hakuna kinachoingia kwenye mpangilio wa ibada bila kamati ya muziki ya sinodi kukiona. Wewe ukasema nikutumie daftari, wanakamati wote unafahamiana nao, utalipeleka kwa mkono wako. Nikakutumia daftari lenyewe. Sikunakili hata ukurasa mmoja. Mtu anamwekea ndugu yake wa tumbo moja ushahidi wa nini?

Baada ya miezi mitano ukanipigia simu, sauti ya upole kabisa. Ukasema, "Dada, kamati inaona kazi bado haijaiva. Usivunjike moyo." Nami nikakushukuru. Sikiliza vizuri hapo, nilikushukuru. Tangu siku ile sijatunga hata mstari. Wimbo ukinijia nikiwa kwenye cherehani naufukuza, najiambia mimi ni fundi nguo, muziki niwaachie waliousomea.

Kitabu kilipoletwa mazoezini nilifungua nikaona solfa zangu, noti zile zile nilizoziandika daftarini. Nikadhani nimechoka tu. Nikageuza ukurasa, nikageuza mwingine, mpaka nikafika Amina ya pili, pale sauti ya pili inaponyamaza mapigo mawili huku wengine wanaendelea. Hapo nikakaa chini. Unajua kwa nini pana kimya pale? Ni kwa ajili ya mama mkubwa, dada yake Mama, Mungu amlaze mahali pema. Alikuwa akinisaidia sauti ya pili jikoni, na kwa pumu yake hakuweza kufika mwisho bila kuvuta pumzi. Nikamkatia pale apumue, basi. Wewe kwenye dibaji umeandika kwamba kimya hicho "ni kicho cha nafsi isimamapo mbele za Mungu". Nilicheka, kweli tena, nilicheka peke yangu, na wanakwaya wakadhani ni furaha ya kuona jina la mdogo wangu.

Wakanipongeza. Mchungaji akasema ni baraka iliyoje, dada kufundisha kazi ya ndugu yake. Nikafundisha wiki sita. Ningesema nini? Daftari unalo wewe. Mama mkubwa yuko kaburini. Niende mbele ya wazee, fundi nguo mimi, niseme mwenye shahada ya muziki ameniibia? Wenye huruma wangeniambia nikapumzike, wengine wangesema roho mbaya.

Halafu kuna Mama. Kitabu chako hakitoki mikononi mwake. Kila mgeni akija ananiita nimsomee jina lililo juu, kwa vile yeye haoni herufi. Nasoma. Mgeni anashangilia, Mama anasema huyo nimemzaa mimi, nami narudi jikoni kuangalia chai. Nimelisoma jina lako mara nyingi mwaka huu kuliko langu.

Sasa nifike kwa lililonishikisha kalamu. Jumapili baada ya baraka tuliimba Amina zote tatu, zikatulia vizuri mno, hata mimi hasira ilinitoka kwa muda. Mama alikuwa benchi la pili. Ndiyo mara yake ya kwanza kuzisikia, maana mazoezini haji tena. Tulipofika mlangoni, wageni wa sinodi wakawa wanampa mkono na kumwita mama wa mtunzi. Akanivuta joho, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huu si ule uliokuwa ukiimba jikoni na dada yangu?"

Hakuna mwingine duniani aliyebaki wa kuniuliza swali lile. Ningesema ndiyo, mambo yangekwisha pale pale. Lakini nilimtazama usoni, ana furaha ambayo sijaiona tangu Baba afariki, na mkono wake bado uko mkononi mwa mgeni. Nikamjibu, "Hapana, Mama. Zinafanana tu."

Akaliachia joho langu. Kisha akasema, "Basi nimezeeka."

Tangu hapo Mama si yule. Jana ameniuliza mara tatu kama ni Jumanne, na anajua fika ni Jumanne. Anataja majina ya wajukuu kwa vidole, anajipima. Leo asubuhi nimemkuta amekaa kitandani na kitabu chako mapajani, akaniambia akili ikianza kumtoka nisimfiche. Mama yetu mwenye akili zake timamu, mdogo wangu, nimemtia mashaka ili jina lako lisiguswe. La wimbo nilishaanza kukusamehe, nilijiambia umeimbwa, inatosha. Hili sikusamehe, wala mimi mwenyewe sijisamehe.

Kwa hiyo namwambia ukweli. Baraza na mchungaji watasubiri zamu yao. Kesho akimaliza chai nitamkalisha hapa kwenye kiti changu, nimwimbie ile sauti ya pili, nimwambie masikio yake ni mazima, aliyesema uongo ni mimi. Barua hii ikikufikia atakuwa ameshajua. Sikuombi ruhusa. Nakuarifu tu, usije ukashtuka simu ikilia.

Atakupigia mwenyewe, namba yako ameishika kichwani. Hatagomba, unamjua. Atakuuliza lile lile aliloniuliza mimi mlangoni, kisha atasubiri. Nakuomba jambo moja, na sitakuomba lingine: usimwambie zinafanana.

Msalimie sana wifi, yeye hana kosa, na wanangu uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Besi na kwaya nzima wanakusalimu na kukupongeza kwa kazi nzuri. Nakufikishia kama walivyonituma. Mungu akulinde huko ugenini, akupe ujasiri siku utakapouhitaji.

Bado nakupenda, ndiyo maana inauma hivi.

Dada yako,
mtunzi wa Majibu ya Ibada.