Hatua Themanini Hadi Kisimani

9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, kile kikohozi kimeisha. Mkaza mjomba hajambo? Mwambie mtoto aliyemlea bado anakula vizuri.

Ofisi yetu ya kilimo imeanza kazi mpya: kumsaidia mkulima aone mwenyewe hatari zilizopo shambani mwake kabla hazijamdhuru. Nimekuwekea fomu. Lizunguke shamba kwa miguu ndipo ujaze: ghala la dawa, ambalo ulilijenga nimeshaondoka, liko hatua ngapi kutoka kisimani, liko juu yake au chini yake, maji ya mvua yanapita wapi, makopo matupu unayatupa wapi. Si mtihani, Mjomba. Atakayeonekana yuko hatarini ndiye tutakayemfikia kwanza, na saruji na mafundi wa kumhamishia ghala.

Ukimaliza mpe dereva wa gari la maziwa, ndiye posta yetu.

Mpwa wako

20 Februari

Binti wa dada yangu,

Marahaba mara mia. Huku wazima, mimi hasa. Juzi nimebeba magunia mawili ya kabichi kwa mpigo, moja kila bega nimelishika kwa mkono, na njiani nikampa mtu mkono. Mkono gani, usiulize.

Fomu nimeijaza. Kuzunguka sikuzunguka, shamba hili nalijua hata usingizini. Nilikaa kitini na chai yangu, nikamaliza kabla haijapoa. Mimi niliishia darasa la nne kwa sababu mwalimu aliishiwa vya kunifundisha. Unasema si mtihani, lakini karatasi yenye maswali na nafasi za kujaza ni nini? Ghala mpaka kisima: hatua themanini. Ghala liko chini, kisima juu. Makopo nafukia.

Jirani yetu Kobe, unamkumbuka, yule anayefikiri wiki nzima kabla ya kupiga chafya, kapima kwa kamba siku mbili, halafu kajiandikia hatari kila mahali. Nikamwambia, "Mzee, umejifelisha mwenyewe!" Akanijibu, "Nimeandika kilichopo." Kilichopo! Mkaza mjomba wako naye alitaka kuisoma fomu yangu, nikamwambia hayo ni mambo ya ofisi.

Mjomba wako, Simba wa Bonde

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko salama na mbegu zimeota.

Fomu ilifika. Shamba lako limeingia kundi la salama, na nimejisifu kwa wenzangu kwamba huyo ni mjomba wangu. Kwa hiyo msimu huu hatutakuja kwako. Mafundi wanaanza kwa Kobe. Kusema kweli nilikuwa na wasiwasi na kisima chako, maana wakati wa kiangazi kinanywesha nyumba nane. Sasa nalala vizuri.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Za huko? Huku mvua imekuja, tena si mvua, ni mto uliosimama wima. Chura mmoja kaniomba mwavuli.

Kobe kajengewa ghala jipya, sakafu ya saruji, mbali na kila kitu. Kwa mwendo wake, akienda kuchukua dawa atarudi nyanya zimeshaiva. Kila mtu hapa anajua mimi nilifaulu na yeye alifeli, maana nimewaambia. Sasa hivi kila nyumba inakinga maji ya paa lake, kisimani tumebaki mimi na mkaza mjomba wako tu.

Kupiga dawa kwangu ni mchezo. Nasimama mlangoni mwa ghala, mkono mmoja chupa ya dawa, mkono mwingine kamba ya kisima, bomba la kupulizia linajaa kabla Kobe hajavaa viatu. Juzi mafuriko yaliingia ghalani mpaka magotini, makopo mengine yakaelea yakaenda zake. Mkaza mjomba wako anasema maji ya kunywa yananuka. Nimemwambia ni udongo wa mvua. Analalamika kichwa, lakini huyo na kichwa chake unawajua.

Mjomba wako, Simba wa Bonde

8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu, nimesimama. Mtu anasimamaje mlangoni mwa ghala akavuta kamba ya kisima kilicho hatua themanini?

Acheni kunywa maji hayo leo. Msipikie, msioshee vyombo. Kuchemsha hakusaidii, sumu hii haifi kwa moto. Kingeni maji ya paa au ombeni kwa Kobe. Mkaza mjomba akianza kutapika, au kutokwa jasho na mate kupita kawaida, mpeleke zahanati mara moja, na chupa ya dawa mkononi daktari aione. Waambie majirani wote.

Simu yako haipatikani. Daraja la huku limezama, na gari la maziwa linazunguka mlimani bila abiria. Nijibu kwa dereva huyuhuyu, tafadhali.

Mpwa wako

22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wiki mbili sijapata jibu. Dereva anasema barua alikukabidhi mkononi. Kama hujanijibu ifikapo Jumamosi nitakuja kwa miguu kupitia mlimani. Mkaza mjomba anaendeleaje? Niandikie hata neno moja.

Mpwa wako

24 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Usivunje miguu yako bure mlimani. Kisima nilikifunga siku ileile, nimekifunikia jiwe ambalo wanaume sita walishindwa kulisogeza. Mkaza mjomba wako ana homa ya kawaida ya mvua. Jana amekunywa uji, akakutaja.

Mjomba wako, Simba wa Bonde

3 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi nipo.

Mkaza mjomba wako amefariki. Ni tarehe ishirini na tisa, alfajiri, kwenye machela njiani kwenda zahanati. Tulimzika kesho yake.

Sikufunga kisima. Hakuna jiwe. Kutoka ghala mpaka kisimani ni hatua kumi na mbili, na ghala ndilo lililo juu. Nimepima jana.

Barua yako niliisoma siku ileile ilipofika, nikaitia mfuko wa koti. Nilishawatangazia watu wote kwamba nimefaulu. Leo niende kwa Kobe na ndoo, niseme nini? Nikamwambia mke wangu achemshe maji, yamechafuka kwa sababu ya mvua. Uliandika kuchemsha hakusaidii. Nilipaona. Kila asubuhi nilisema mvua ikipungua kisima kitajisafisha, na yeye alichemsha kweli, kuni mbichi, macho yanamtoka machozi. Nikadhani ni moshi. Mate yalipoanza kumtoka nilijua si moshi, na bado nilikaa siku tatu. Mimi nilikunywa maji yaleyale. Mwili huu mkubwa umenibakiza.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi, maji ya paa waliyoleta majirani yakaisha. Akina mama wakachukua ndoo kwenda kisimani. Nikawatangulia, nikasimama mbele yao, nikasema, "Msichote. Kuna sumu."

Mmoja alicheka kidogo, akaziba mdomo. Mwingine akaniambia kwa upole kabisa, "Shemeji, leo pumzika na hadithi zako." Akanipita. Akateremsha ndoo, nikaisikia ikigonga maji.

Nikatoa barua yako, nikaisoma kwa sauti. Kusoma kwangu unakujua, nashika neno moja moja. Nilipofika pale "Mkaza mjomba akianza kutapika", yule mama akaiachia kamba.

Kobe akauliza, taratibu kama kawaida yake, "Hiyo barua ilikufika lini?"

Jibu nilikuwa nalo tayari, zuri tu, la daraja kuzama na dereva kupotelea mlimani siku kumi na mbili. Lakini dereva mwenyewe alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, ananitazama.

Nikasema, "Tarehe kumi."

Hakuna aliyenitukana. Waliokota ndoo zao tupu, wakaenda kuteka kwa Kobe. Mimi nilikaa juu ya mdomo wa kisima mpaka walipomaliza kula, wakaondoka.

Mjomba wako